Saruji Niliyoipaka Mwenyewe

Jumatatu. Joto limekaba, hata kuta zinatoka jasho. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa kitambaa.

Leo mthamini alikuja kuitazama sinema yetu. Sinema ni jina tu, siku hizi haionyeshi kitu. Babu aliijenga, na mimi na mwanangu Rukia tunalala katika chumba kilichokuwa cha kukatia tiketi. Mthamini akiandika ni jengo la kale, halibomolewi. Akiandika ni la kawaida, Ami Shali, ndugu ya baba, ataliuza livunjwe, nasi hatuna pa kwenda.

Kwa hivyo wiki jana nililipamba. Nilipaka saruji ukuta wote wa mbele, nikauona umependeza.

Mthamini akaukwaruza kwa ufunguo. "Nani alipaka hii?"

"Ni mimi, Bwana."

"Dada, ukuta wa matumbawe ni wa chokaa. Saruji inaufungia chumvi ndani, unaoza. Na ukale wake nitauona wapi, na umeufunika?"

Masikio yaliniwaka kwa haya.

Ami akacheka. "Ahsante, mwanangu. Umenivunjia kabla sijaanza."

Kakangu Omari akamrukia. Ngumi ya kwanza ilimpasua Ami mdomo. Ami akaokota mtaimbo, nami nikaingia kati, Rukia mgongoni. Ujinga gani ule? Chuma kilinichuna vidole, kikamvunja Omari mkono. Niliusikia mfupa, kama ukuni mkavu.

"Niwateni, niacheni nimalize," Ami akasema, akaugeukia ukuta. Akaupiga, akaupiga, damu ikimdondokea kanzuni.

Bamba zima la saruji likaanguka.

Chini yake chokaa ya babu ilikuwa nzima, na mshale mwekundu, na neno WANAWAKE. Mshale ulielekeza mlango walioingilia bibi zetu siku yao ya sinema, pasipo kuonana na wanaume.

Ami akasimama. "Mama alikuwa akinipitisha hapa," akasema, kwa sauti ndogo sana. Akauangusha mtaimbo, akaenda zake.

Mthamini, aliyekuwa amejibanza nyuma ya punda aliyefungwa njiani, akatoka akapiga picha. Atarudi Alhamisi, anataka aukute ukuta wazi.

Omari yuko hospitali, amefungwa plasta. Rukia hajalia tangu asubuhi.

Hilo ndilo linalonitisha.

Alfajiri nikishasali naanza kuibambua saruji yangu, kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, kwa mkono huu uliobaki. Mkono mmoja kwa siku mbili, sijui.

Ami akija kuniomba nyundo anisaidie, nitampa?