Mstari wa Chini kwenye Ukurasa wa Binti Yangu

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na kile kikohozi kimekuacha. Tangu tumzike binti yangu, cherehani yake bado iko dirishani. Kila asubuhi naifuta vumbi, kisha nafungua blogu yake nisome alivyofundisha kushona matundu ya vifungo. "Ukiharakisha tundu, kifungo kitakucheka," aliandika. Nacheka peke yangu.

Jumatatu kampuni inayotunza blogu ilinitumia onyo. Chini ya ukurasa kuna kiungo kilichofichwa, rangi yake ileile ya ukurasa, kinachopeleka watu kwa wakopeshaji. Nisipokiondoa kufikia Ijumaa, wataifunga. Nilikifuta, na ukurasa wote ukawa mweupe. Nikakirudisha haraka, na maandishi yake yakarudi.

Fundi wa kompyuta aliangalia, akaguna. "Mama, muundo huu wa bure una mwenyewe. Wakopeshaji walimlipa awawekee kiungo kwenye kila blogu inayoutumia, ili watu wakitafuta mkopo mtandaoni, wao watokee wa kwanza. Na ameufunga makusudi: ukikitoa, kila kitu kinaondoka nacho. Unamjua aliyeutengeneza?"

Nikamwambia simjui.

Juu tu ya kiungo hicho mwanangu aliandika: "Asante mjomba kwa kunitengenezea ukurasa."

Sikuulizi kwa nini, mdogo wangu. Leo ni Jumatano, na Ijumaa ni keshokutwa. Nieleze tu namna ya kukitoa hicho bila kumtoa yeye.

Dada yako, ambaye simu haimtoki mkononi.