Jicho Nililolificha Kwenye Mbao

Jumatatu, 3 Februari
Chai. Nimeweka vikombe viwili tena. Upumbavu. Leo siku ya kumi na moja tangu upepo upindue mashua ya uvuvi na bwawa limchukue Kyalo, ndugu yangu. Wapiga mbizi walichoka, wakarudi kwao. Binamu yetu wa Mombasa ametuma mashine ya sonar kwa basi: skrini, waya, na kijicho cheusi cha kufungwa kwenye ubao wa nyuma wa mashua, kiangalie chini ya maji.

Jumatano, 5 Februari
Nimekifunga. Nimechonga vinyago tangu utotoni, siwezi kupiga skrubu ovyo. Nimechimba kishimo kwenye ubao, kijicho kikazama ndani sawasawa. Msasa. Vanishi. Kazi safi kabisa. Kyalo angenicheka, eti napamba mashua kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Februari
Skrini ni ukungu mtupu. Kutwa nzima. Mwaitu, mama yetu, amepiga simu mara tatu kutoka Zombe. Mama hasalimu siku hizi. "Umemwona?" Bado, mwaitu. Amekata. Nimepiga kasia teke, sasa kidole kimevimba.

Jumamosi, 8 Februari
Mzee Musyoka anayekodisha mashua amekagua kazi yangu, akacheka mpaka akashika mbavu.
"Fundi, jicho umelifungia ndani ya mbao. Litaona nini?"
Kumbe linatakiwa lishuke chini kidogo ya mashua, mbali na povu la injini. Aiii! Siku tatu ndugu yangu amengoja kwa sababu ya maringo yangu. Najichukia. Nimeng'oa. Kipande cha mbao mbichi, skrubu nne, kijicho kinaning'inia vibaya. Kinaona.

Jumapili, 9 Februari
Sikwenda kanisani. Mchana, penye miti iliyofunikwa na maji, kitu kirefu kimelala. Nimezunguka mara tano. Hakisogei. Nimelia kwa sauti, hakuna wa kusikia. Kisha nikawapigia wapiga mbizi.

Jumanne, 11 Februari
Ni yeye. Wavu wetu wenyewe ulimfunga kwenye mti. Nimempigia mwaitu. Ameuliza kama nimekula.

Jumatatu, 17 Februari
Tulimzika Ijumaa, karibu na baba. Mwaitu amekula muthokoi, sahani nzima.
Nimerudi bwawani peke yangu. Kishimo changu bado kiko kwenye ubao, kitupu, vanishi inang'aa. Maji yametulia. Nimewasha mashine. Samaki tele, skrini nzima.
Nikageuka kumwambia Kyalo.