Tui Ndani ya Mboga za Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimemkosea mtu ninayemheshimu kuliko wote. Mume wangu Zulhendri ni mhudumu wa mkahawa hapa mjini Payakumbuh, anabeba sahani kumi na nane kwa mkono mmoja mpaka wateja wanapiga makofi, lakini mwaka jana alifika kilo mia na kumi na nane, na mchana mmoja moyo ukamwenda mbio, ukarukaruka, akaanguka nazo zote. Daktari alimpima umeme wa moyo, akasema unene na mafuta yaliyouzunguka moyo vimevuruga umeme unaouendesha, akampa dawa na kumtaka apunguze mwili, basi mume wangu, anayeshinda akipakulia watu rendang, nyama yetu ya kukaushwa kwa tui, akaacha vya nazi na vya kukaanga, na kila asubuhi anapanda kilima huku wauza mboga wakimtania, “Bwana mkubwa, utakibonyeza kilima!” naye anawajibu, “Kikibonyea si ndiyo nafuu yangu!” Amepunguza kilo kumi na sita. Sasa Mama yangu, ambaye tunaishi kwake kama ilivyo desturi yetu, analia, “Mkwe akikonda, majirani watasema tunamnyima!” akawa anamtilia tui zito kwenye mboga kwa siri, nami nikaona, nikanyamaza wiki tatu, na Ijumaa moyo ukamruka tena, akaniambia, “Labda mimi mvivu. Kesho nitapanda mara mbili.” Nimwambie, au nimsitiri Mama?

Desmarita

Desmarita, mumeo ni wa kuvuliwa kofia. Kupakulia wengine vinono kutwa, kisha mwenyewe kula vya kuchemsha na kucheka na wanaomtania, si kazi ndogo. Na mtu huyo umemwacha ajiite mvivu! Hapo sikuhurumii. Hatujui kama ni tui lililourusha moyo, lakini ukimya wako umemfanya ajilaumu, na moyo wenye umeme uliovurugika haufanyiwi majaribio. Mwambie leo, bila kumsukumia mama lawama zote. Asipande mara mbili. Arudi kwanza kwa daktari, na dawa asiache. Akizimia au kifua kikimbana, hospitali mara moja.

Mama yako anampenda mkwewe, ila amekosea njia. Nenda naye kliniki, daktari amwonyeshe ile karatasi ya kipimo yenye mistari ya moyo. Kisha mwachie jiko: samaki wa kuchoma, mboga za ndimu na pilipili. Majirani wakiuliza, awajibu mwenyewe, “Mkwe wangu namtaka mzima.”

Na ukienda kuomba msamaha, Desmarita, nenda mikono mitupu. Usimpikie kitu.