Baba Amekubali Kuwa Kichwa Chini ya Mwavuli

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana sina mwingine wa kumwambia.

Nimemaliza shule mwaka huu, naishi katika mji mdogo wa Ottapalam na baba yangu, katibu wa maktaba ya mtaa. Marehemu bibi, mama yake baba, aliandika riwaya ya kuwacheka wakubwa wa mji wetu, na msimulizi wake ni mwavuli, na kwa kuwa mwavuli hukaa juu hauoni nyuso, unaona vichwa tu, kile kinachong'aa mafuta ya nazi, kile kilichopakwa rangi nyeusi, na kile chenye upara wa duara cha katibu anayeitisha kikao cha kupanga tarehe ya kikao. Watu wanakipenda kitabu hicho kwa sababu kila mmoja anadhani kichwa ni cha jirani. Baba anaapa kuwa upara ule ni wa Kuttappan muuza chai, na Kuttappan naye akimwona baba anapita hucheka mpaka chai inamwagika. Lakini bibi kabla hajafa aliniambia, "Yule ni mwanangu, nani mwingine?"

Sasa mtengeneza filamu mmoja, Dada Sujatha, anaigeuza riwaya hiyo kuwa filamu. Kamera yake inatazama kutoka juu kama mwavuli, lakini mwishoni upepo unaugeuza mwavuli nao unaona uso kwa mara ya kwanza, na kitabu kinaishia hapo bila kusema uso wa nani, ila filamu haiwezi kunyamaza hivyo, lazima ionyeshe mtu, naye amemchagua yule katibu mwenye upara. Alitaka kuleta mwigizaji kutoka Kochi amnyoe utosi, baba akamwambia, "Umnyoe wa nini? Kichwa hicho kipo hapa, tena kimeshanyolewa na Mungu." Tangu siku hiyo anafanya mazoezi barazani, ananiuliza, "Mwanangu, nimemwiga Kuttappan vizuri?" nami naitikia huku natazama sakafu.

Na sauti ya mwavuli ni mimi. Sujatha alinisikia nikiwasomea watoto maktabani akaipenda, na mimi ninayeshindwa hata kuagiza chai mbele ya watu nikakubali, kwa hiyo Jumatatu nitayasoma maneno yale ya kejeli juu ya kichwa cha baba yangu mwenyewe, halafu filamu itaonyeshwa uwanjani mji mzima ukitazama, na uso ukitokea kila mtu atajua, na yeye atajua akiwa kiti cha mbele. Nikimwambia nitamvunja moyo, maana aliyeandika ni mama yake. Nikinyamaza nitakuwa nimemcheka pamoja nao. Au nijitoe tu, niseme naumwa koo?

Binti wa Ottapalam

JIBU

Binti, koo lako ni zima, liache.

Uliisoma barua yako kabla ya kuituma? Mtu anayemkataa mwigizaji wa Kochi na kusema kichwa kipo hapa anajua kichwa ni cha nani. Siwezi kuapa, simjui baba yako, lakini nadhani huyo Kuttappan anamtaja ili wewe usione haya.

Unamwonea baba huruma, na hilo ni jema. Ila sehemu ya woga huo si yake. Unaogopa mji usikie sauti yako, ukamsingizia mzee wa watu.

Tena mfikirie bibi yako. Angetaka kumfedhehesha mwanawe, hadithi angekipa kioo cha kinyozi kiisimulie. Alichagua mwavuli, kitu kinachomcheka mtu huku kikilowa kwa ajili yake. Kamera inaweza kukaa juu, lakini kulowa haiwezi. Kazi hiyo imebaki kwa sauti. Ukisoma kwa dharau, utamuumiza. Soma kama mama anayemkimbilia mwanawe mvuani.

Kwa hiyo usimweleze lolote. Jumapili mkalishe barazani umsomee sura ya mwisho yote, na safari hii usitazame sakafu, mtazame yeye. Akiumia, funga kitabu, nenda kwa Sujatha ukamwambie uso huo hauonyeshwi, na umwambie kwa kinywa chako. Akicheka, Jumatatu nenda kazini.

Na akikuuliza tena kama amemwiga Kuttappan vizuri, mwambie hajamwiga hata kidogo.