Walivyokuombea Ekalakala

Mama mpendwa,

Salamu kwako na kwa binti yangu Wakesho. Huku Ekalakala jua linachoma hadi ndani ya viatu, lakini kwa muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa, na maharagwe nashiba vizuri.

Tangu nifike, kina mama wanaouzia kampuni ya ng'ambo maembe walikuwa wakinikwepa. Bila wao sina utafiti, na udaktari wangu wa usimamizi wa kimataifa ungeishia hapa. Nilikuwa karibu kufunga mizigo. Leo mwenyekiti wao, Mama Mutindi, akaona blauzi yangu imelowa maziwa.

"Kumbe uko na mtoto mdogo! Umemwachia nani?"

"Mama ya bwanangu, huko Voi. Ndiye aliniambia nisiache masomo."

"Anaitwa nani? Simameni tumuombee huyo kwanza."

Wakasimama wote, wakaomba kwa Kikamba. Nililoelewa ni jina lako tu, nikalia mbele yao bila haya. Kisha wakaketi, wakajibu maswali yangu yote mpaka jioni.

Asante, Mama, kwa kuniambia niende. Mungu akutunze, nami nikukute mzima.

Mkaza mwanao,
Mkawasi