Ngazi Sita za Ofisi ya Bariadi

Mwalimu Salome, salamu kutoka kwetu, ambako sasa mimi ni mgeni.

Jana nilimsindikiza dada yangu Kabula, atembeaye kwa magongo, kuomba kitambulisho cha ulemavu. Ofisi iko juu ya ngazi sita. Kabula akaketi chini yake, akaita salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka!" Afisa, kijana wa Kisukuma, kwa desturi yetu hawezi kumwitikia mkubwa huku amesimama juu yake. Akashuka na fomu, akachuchumaa.

"Tatizo lako nini, mayu?" akauliza, yaani mama.

"Ngazi."

"Daktari ameandika mguu."

"Nyumbani mguu haunisumbui. Mpeleke fundi wa ngazi hizi akapimwe."

Akagoma kutia dole gumba mpaka kijana akaongeza kwenye fomu, "na ngazi". Nadharia uliyoifundisha miaka yote, kwamba kinachomlemaza mtu si mwili bali mazingira, imepigwa muhuri Bariadi.

Nimekukumbuka. Usisahau dawa ya magoti.

Wako, Masanja