Shangazi Holo na Moyo wa Kwandu

Kimali, Meatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba, na mwangaluka. Nimekuamkia mara mbili kwa sababu hapa Kimali nikisema shikamoo peke yake wananiuliza mimi ni mtoto wa nani aliyepotea. Hali zenu vipi huko Malinyi? Goti lako bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua niliyomwachia mama imesaidia? Mpunga mmeshaingiza ndani? Na wale ng'ombe waliokuwa na vidonda mdomoni wanakula sasa? Mimi mwili ni mzima. Ninakula vizuri, nimekuwa mweusi kwa jua, na Kisukuma changu cha Malinyi wanakicheka lakini wanakielewa. Ila situlii, baba. Nimekaa kwenye benchi la zahanati nasubiri gari la chuo, nimeshasimama mara kadhaa kwenda kuangalia barabara, na kila nikirudi naikuta karatasi imepeperuka chini.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu yako tunajua inavyosikilizwa. Ukiipokea tu wadogo zangu wanakuzunguka, jirani naye anasogea, unaweka sauti kubwa ili kila mtu anisalimie. Hili la leo halifai kusikilizwa hivyo, maana linamhusu dada yako. Nimepata mtu anayekuja huko kumfuata kaka yake, ni mtu wa kuaminika, atakukabidhi barua hii mkononi. Isome kwanza peke yako, kisha umsomee mama.

Nilipokuambia chuo kinatuleta Simiyu kufanya utafiti ulicheka, ukasema wewe uliondoka huku ukitafuta majani ya ng'ombe na mimi narudi kutafuta nini. Tulianzia Bariadi, tukapita Sapiwi, kisha wakatugawa, na mimi nikaomba Kimali kwa ajili yako. Utafiti wenyewe ni wa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kwa wanawake waliojifungua karibuni. Tuko wanafunzi wachache, pamoja na mwalimu wetu, Dokta Neema, mama mfupi asiyejua kupandisha sauti. Tunapita kaya kwa kaya tunapima presha na kuuliza maswali. Tukimtilia mtu shaka anakuja zahanati kupimwa kwa mashine ndogo, inayoonyesha moyo ukipiga pale pale kwenye kioo.

Nilifikia kwa shangazi Holo. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia muda mrefu, akasema nimechukua paji lako la uso. Jioni alinipikia michembe, vile viazi vikavu, na maziwa mgando. Nilikula peke yangu. Nilidhani wengine wameshakula. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa, nikagundua kwamba chakula anachopika shangazi hakuna mtu mwingine pale nyumbani anayekigusa. Mwanawe Ngasa alikuwa akikaanga mahindi yake pembeni kama mtu aliye safarini.

Mke wa Ngasa anaitwa Kwandu. Ni msichana bado, mrefu, mpole, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike muda si mrefu kabla sijafika. Nilimkuta ameegemea lundo la pamba ndani ya nyumba, mtoto kifuani, miguu imevimba mpaka kanda za viatu zimemwachia alama. Alikuwa akikohoa kikohozi kikavu. Nikamuuliza kwa nini halali kitandani, akaniambia akijilaza anahisi kama maji yanampanda kooni. Kwenda tu mpaka kwenye mlango wa zizi alikuwa anasimama njiani kuvuta pumzi. Baba, mimi ni mwanafunzi tu, sijawa daktari, lakini dalili zile ndizo hasa tulizotumwa kuzitafuta.

Nikamwambia Ngasa tumpeleke kupimwa. Akanivuta mpaka nyuma ya zizi, huku akiangalia kama kuna mtu anatusikia. Akanieleza kwamba mke wake wa kwanza alikufa vivyo hivyo, baada ya kujifungua, amevimba na kukohoa. Sisi huko tuliambiwa tu kwamba alifariki kwa homa. Sasa ndugu wa Kwandu, wakiongozwa na kaka yake anayeitwa Mabula, walikuwa wamekwenda kwa mganga wa mbali, na mganga amewaambia anayewamaliza wake za Ngasa ni mtu wa ndani ya nyumba. Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kulitaja. Katika nyumba ile mtu mzima mwingine ni mmoja tu, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote aliyowapikia watu hao hao.

Nilimuuliza Ngasa yeye mwenyewe anaamini nini. Akaanza kurekebisha miti ya zizi.

Tangu nifike nilikuwa nikimwona shangazi anakaa nje mchana kutwa, juani, kwenye kigoda mbele ya nyumba, na mimi nilikuwa namtania kwamba anaanika mifupa. Siku ile nilikwenda kukaa naye chini, nikamuuliza kama anajua yanayosemwa. Akaendelea kuchambua mbegu za maboga. "Nikikaa ndani watauliza ninafanya nini humo," akasema. "Hapa kila mtu ananiona."

Sikuweza kukaa tena baada ya kusikia hivyo. Unajua mwenyewe, baba, huku mambo haya yamewahi kufikia wapi, wajane wangapi wamekatwa mapanga. Nilitembea mpaka zahanati bila kofia, nikamweleza Dokta Neema yote kwa mpigo, nikamwomba twende na gari tukamchukue Kwandu pale pale. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nisimguse mgonjwa yule. Mimi ni damu ya Holo, akasema, na lolote likimpata Kwandu mikononi mwangu watasema shangazi ameniita nije nimalizie. Nilikasirika sana, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Alikwenda yeye. Mimi nilibaki mbali, chini ya mti wa jirani, nimeshika begi lisilo na kitu. Mabula alikuwepo. Akasimama mlangoni akasema dada yake haendi popote na watu waliolala kwa yule mama, na mashine yetu hawaijui imetoka wapi. Hakuwa anafoka. Alikuwa mtu aliyechoka na mwenye hofu, ameshazika jamaa wengi, na dada huyu ndiye aliyebaki. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Dokta akamwambia hawezi kumpima mtu bila ridhaa yake, na ridhaa inayohitajika ni ya Kwandu, ndipo akainama pale mlangoni na kumuuliza Kwandu mwenyewe anataka nini.

Kwandu alichukua muda kupata pumzi. Akasema, "Nimechoka kukaa. Nataka kulala."

Wakampakia, Mabula akapanda naye, Ngasa akafuata kwa baiskeli.

Pale zahanati Dokta alifanya jambo ambalo sitalisahau. Kabla ya kumpima Kwandu alimwomba Mabula avue shati alale kitandani. Akamwonyesha moyo wake mwenyewe kwenye kioo. Ulikuwa unajikunja na kufunguka kwa nguvu kama mkono unaokamua ng'ombe, na Mabula akatabasamu bila kupenda. Kisha akamweka Kwandu, kwa kumkalisha nusu, akaweka kifaa mahali pale pale. Moyo wake ulikuwa mkubwa, umejaa, na ulikuwa unatikisika tu. Haukujikunja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ngasa alitoka nje, nikamwona amechuchumaa ukutani, uso kwenye magoti.

Mabula akauliza nani ameuchosha hivyo. Dokta akamwambia hakuna mtu. Akaeleza kwamba kuna wanawake ambao ujauzito na uzazi vinaulegeza msuli wa moyo, moyo unashindwa kusukuma damu, maji yanarudi mapafuni na miguuni, ndiyo maana hawezi kujilaza. Mabula akasikiliza yote. Akauliza kwa nini imempata huyu na si mwingine. Dokta akasema, "Hatujui vizuri bado. Ndiyo tunatafuta."

"Kama hamjui," Mabula akasema, "mnajuaje kwamba si yeye?"

Baba, nilikuwa nimesimama dirishani kwa nje. Moyoni nilikuwa namsihi Dokta adanganye. Aseme tunajua kila kitu, aseme imeandikwa vitabuni, amalize. Mganga hakusema hajui. Lakini Dokta akamwambia kwamba ugonjwa huu ameuona kwa wanawake wengi, wa mijini na vijijini, wenye wakwe na wasio na wakwe, hata wa makabila ambayo hayajawahi kusikia Kimali. Akasema, "Dawa ya kuyatoa hayo maji nitampa leo. Ukimwona analala, utaamua mwenyewe umwamini nani." Nilidhani ametupoteza. Mabula alivaa shati, akafunga vifungo polepole, akasema twende.

Wakampeleka hospitali ya mkoa Bariadi. Mimi nilikatazwa kuwa katika gari lile, nikapata lifti ya lori la pamba, nimekaa juu ya magunia, kila kijiji tunachosimama natamani kumnyang'anya dereva usukani. Nilipofika wodini alikuwa ameshapewa dripu na vidonge, na manesi walikuwa wanapima mkojo anaoutoa. Miguu ilianza kupungua. Asubuhi moja nilichungulia nikamkuta amelala chali, bila mto hata mmoja, mdomo wazi, anakoroma kama mwanamume. Mabula alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, macho, anamwangalia. Sikuingia. Nilikwenda kwenye bafu la wageni nikalia.

Lakini mtoto alikuwa analia njaa na Ngasa hajui kumshika, na mama yake Kwandu hayupo duniani. Kwandu mwenyewe ndiye aliyesema aitwe mkwe wake. Ngasa akamwangalia Mabula. Mabula hakuzuia. Shangazi alikuja na basi la asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, na chupa ya uji. Akamimina uji kwenye kikombe mbele ya wodi nzima, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe kwanza ili kila mtu aone. Kwandu akanyoosha mkono akakichukua kabla hajaonja. Akanywa wote. Shangazi akabaki amesimama, mkono wake uko hewani, hajui auweke wapi, mpaka nesi akampa mtoto.

Sasa wamerudi Kimali. Kwandu anatumia dawa kila siku na anatembea mpaka zizini bila kusimama. Moyo wake haujapona, baba, umepata nafuu, na Dokta amewaambia yeye na Ngasa kwa pamoja kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Ngasa aliinama. Kwa mwanamume wa huku mwenye mtoto mmoja wa kike unajua ni maneno mazito kiasi gani. Amesema amesikia. Sijui kama kusikia kutatosha, na hilo nalo linaninyima usingizi.

Mabula hajamwomba shangazi msamaha. Ila wiki iliyopita alikuja zahanati amemleta mke wake, ambaye ni mjamzito, akasema kwa sauti ya chini anataka na huyu aangaliwe moyo. Ulikuwa moyo mzuri. Akaniangalia, akanisalimia kwa jina langu, mara ya kwanza. Kwa Ngasa chakula cha shangazi sasa kinaliwa. Kwa majirani bado kuna wanaovuka njia wakimwona shangazi anakuja, na mganga yule hajafuta neno lake.

Ndipo ninapofikia ombi langu. Tunamaliza kazi hapa mwisho wa mwezi huu, Dokta atakwenda, mashine itakwenda, na mimi nitarudi chuo. Nilimwomba shangazi nije naye kwetu Malinyi. Alikataa. Akasema akiondoka watasema amekimbia, na atakayefuata kuumwa ataambiwa Holo ndiye aliyemwachia ugonjwa. Nadhani anasema kweli. Basi si yeye wa kuja huko, ni wewe wa kuja huku. Uje ukae naye, utembee naye mnadani na kanisani, watu waone kwamba Holo ana kaka na ukoo. Wewe ukisimama pale utasema kwa kusimama tu mambo ambayo mimi kwa vipimo vyangu vyote siwezi kuyasema. Najua ni mbali, najua goti, najua hujakanyaga huku tangu mlipohama na ng'ombe. Lakini usitume mtu.

Msalimie mama, mwambie nimekonda kidogo tu. Wasalimie wadogo zangu, hasa huyu wa mwisho anayetaka nimletee kipima moyo cha masikioni, mwambie si cha kuchezea. Bibi mzaa mama mwambie nimekula nsansa, yale majani makavu ya kunde, mpaka nimekinai. Msalimie na mchungaji wetu, na jirani yule ambaye leo hakusikia chochote.

Gari limefika, wananiita. Shangazi nimemwambia kwamba nakuandikia, na nikamsomea haya ninayokuomba. Akasema, "Mwambie asije kwa ajili ya maneno ya watu. Aje anione."

Ni mimi binti yako,
Limi